Raha ya gari lisilopenda kona

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni dereva wa malori, nipo Texas mwaka wa nne sasa. Zamani nilikuwa njia ya Dar–Tunduma. Mfanyakazi mwenzangu, mzawa wa huku, alinipeleka uwanja wa COTA pale Austin kuangalia mbio za magari za NASCAR. Kusema kweli sikuelewa kitu. Magari mazito, yanateleza, yanagongana makalio, na uwanja huohuo Fomula 1 wanauzunguka kwa kasi kubwa zaidi. Mimi nimekulia kwenye rali. Yeye anasema mbio hizi za kona, zenye kukata kulia na kushoto, ndizo tamu kuliko zote za NASCAR, na ameshanialika tena. Raha yenyewe iko wapi? Au nimpe tu pole na hela yake?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Pole usimpe bado, na hela yake mwachie.

Kabla sijawa fundi wa breki nilikuwa utingo, njia hiyohiyo yako, kwa hiyo tuanzie Kitonga. Unatoka Iringa na mzigo, mteremko unaanza, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Dereva mzoefu ameshaweka gia ndogo kabla hajaufikia, injini inamshikia gari, na breki anaigusa na kuiachia. Mgeni wa njia anashuka amekanyaga mfululizo. Ukiwa nyuma yake unaanza kuipata ile harufu, unaijua, ya breki inayoungua, inayokaa kooni. Halafu moshi kwenye tairi za nyuma. Halafu utingo anaruka na kigingi mkononi. Upepo umejaa kwenye mitungi, hakuna mpira uliopasuka, kila kitu kipo mahali pake. Ila breki zimepata joto kupita uwezo wake, na zikishafika hapo unaweza kukanyaga mpaka sakafuni, hazishiki.

Sasa itoe picha hiyo kwenye lori, iweke kwenye gari la nguvu za farasi zaidi ya 600, halafu mteremko huo dereva akutane nao mara sita au saba katika kila mzunguko, wenzake zaidi ya thelathini wakiwa wamemzunguka. Hayo ndiyo uliyoyaona Austin. Nadhani hukuelewa kwa sababu ulikuwa unatazama nani yuko mbele.

Gari la NASCAR halikuzaliwa kwa ajili ya kona za namna ile. NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi, kilianzishwa mwaka 1948 pale Daytona Beach, Florida, na Bill France, mwanzilishi wake, alitaka watu washindane kwa magari yanayofanana na yale waliyoyaacha nje ya nyumba zao. Sehemu kubwa ya mbio hizo ikahamia kwenye viwanja vya umbo la yai, ambako gari linakata kushoto, tena kushoto, mpaka jioni. Uwanja wa Daytona una urefu wa kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa nyuzi 31, kama ukuta ulioegemezwa. Mwinuko huo ndio unaolishikilia gari. Dereva anapita kona bila hata kugusa breki. Kwa miaka mingi mafundi walilijenga gari kwa kazi hiyo: liwe imara, liende kasi, lipende kushoto.

Halafu unalichukua gari la ukoo huo unalipeleka Sonoma, California, kwenye vilima, kulia, kushoto, juu, chini, mpaka kona ya kiwiko ambako linakaribia kusimama kabisa. Ni kama kumwita bondia wa uzito wa juu aje acheze rede na wasichana wa darasa la nne. Nguvu anazo. Ngoja umwone akigeuka.

Ulinganisho wako na Fomula 1 ni wa kweli, siupingi. NASCAR ilipokuwa ikitumia njia nzima ya COTA, ile ya kilomita 5.5, magari yake yalichelewa zaidi ya sekunde 30 katika kila mzunguko. Gari la Fomula 1 la miaka hiyo lilikuwa na uzito wa takriban kilo 800 pamoja na dereva wake, na upepo unaligandamiza chini kadiri linavyokwenda kasi. La NASCAR ni karibu mara mbili ya uzito huo, upepo haulisaidii sana, diski zake za breki ni za chuma, na tairi zake ni vipara. Nyumbani trafiki angekuandikia faini kwa tairi kipara. Huku unauziwa jipya likiwa hivyohivyo. Gari la Fomula 1 likiingia kona linaingia kama treni kwenye reli, na jicho lako halioni kama dereva anahangaika. La NASCAR linaingia likipiga kelele, pua linalisukuma nje, mgongo unataka kuja mbele, na unamwona mtu mle ndani akilibembeleza na kulitukana kwa wakati mmoja. Kwangu mimi raha iko hapo, kwenye gari lisilotaka kukata kona na mtu anayelilazimisha.

Nikupeleke kwenye kona moja. Watkins Glen, jimbo la New York, nyuma kabisa ya uwanja, kuna mahali panapoitwa Kituo cha Basi. Ni vikona vinne vya haraka vya kuvunja mwendo, kulia na kushoto, vilivyojengwa mwaka 1992 baada ya dereva J. D. McDuffie kufariki mwaka uliotangulia kwenye kona ya mwisho wa ule mnyoofu. Magari yanakuja yakipanda, karibu kilomita 270 kwa saa. Dereva ameshachagua alama yake: ufa kwenye lami, kivuli, ubao wa pembeni. Akiifikia anakanyaga kwa nguvu zote. Uzito wote wa gari unahamia mbele, pua linainama, nyuma kunakuwa kwepesi kama mkokoteni uliopakuliwa. Ndani ya muda wa kuvuta pumzi anashusha gia, moja, mbili, tatu, huku nyuma kukiwa hakushiki vizuri. Kisha anauachia mguu polepole wakati anaanza kukata usukani, tairi za kulia zinapanda kingo za rangi, gari linaruka kidogo, linatua, anakata upande wa pili. Akichelewa kukanyaga kwa urefu wa gari moja, anapitiliza. Akiwahi kwa urefu huohuo, kuna mtu ameshaingiza pua ubavuni mwake.

Mwendo ukiongezeka maradufu, joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza linakuwa mara nne. Ndiyo maana nilikwambia ukumbuke Kitonga. Niliwahi kuhudumia breki za timu ndogo ya watu wanaoshindana wikiendi tu, Carolina Kaskazini, magari ya aina hiyohiyo lakini ya zamani. Baada ya mbio unatoa diski kwa glovu nene. Rangi yake imekuwa ya bluu na zambarau, juu yake kuna nyufa nyembamba kama nywele, na padi iliyoingia asubuhi ikiwa nene kama kidole sasa imebaki kama sarafu. Wiki moja dereva wetu alilalamika kwamba pedali ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeunga bomba la hewa la kupozea diski upande mmoja, upande wa pili nikalisahau. Hakunisema sana. Alinipa lile diski lililopasuka, niliweke mezani nilitazame kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, dereva wa lori, utalielewa kuliko mwenzako. Mpaka mwaka 2021 magari haya yalikuwa na difu la kipande kimoja nyuma, ekseli nzima kutoka tairi hadi tairi, kama ya lori lako. Gia zilikuwa nne za kuchagua kwa mkono. Ukishusha gia bila kupiga resi ilingane, injini inazishika tairi za nyuma ghafla, na kwa kuwa ekseli ni moja, zinaanza kudundadunda zote mbili kama mtoto anayeruka kamba. Zikianza kudunda ujue umekwisha, nyuma kunakuja mbele. Kwa hiyo dereva alikanyaga breki kwa vidole vya mguu wa kulia, na kisigino cha mguu huohuo kikipiga moto, na mguu wa kushoto kwenye klachi. Mikono miwili na miguu miwili, kila kimoja na kazi yake, mbele yake ukuta. Kama hukupewa lori la otomatiki, unalijua suala la gia isiyoingia mpaka resi ikubaliane. Sasa lifanye kwa kasi hiyo.

Kwa sababu hii mbio za kona zikawa na watu wake. Riverside, California, uwanja ambao siku hizi umegeuka maduka na nyumba, Dan Gurney alishinda mbio zake za maili 500 mara tano kati ya 1963 na 1968. Huyo alikuwa mtu wa Fomula 1, na wale mabingwa wa viwanja vya yai walipomfuata kwenye kona hizo walionekana wageni. Mwaka 1973 Mark Donohue akashinda hapohapo kwa gari la AMC Matador lililofungwa diski za breki kwenye magurudumu yote manne, wakati wenzake wengi bado walikuwa na ngoma na shuu kama gari la babu. Unaona jinsi hadithi inavyorudi kwenye breki. Si kwa sababu mimi ni fundi wake tu. Haya, labda kidogo.

Baada ya hapo kwa miaka mingi timu ziliajiri wataalamu wa kona kwa siku moja moja, na kwa miaka mingi wataalamu hao wakashindwa kuwapiga wenyeji. Wenyeji walikuwa wameshajifunza. Jeff Gordon, aliyekulia kwenye viwanja vya udongo vya mviringo, ndiye anayeshikilia rekodi ya ushindi 9 wa mbio za kona. Tony Stewart, naye mtoto wa udongo, alishinda mara 8, na ushindi wa mwisho wa maisha yake ulikuwa Sonoma mwaka 2016. Mzunguko wa mwisho Denny Hamlin alimpita, Stewart akasubiri mpaka kile kiwiko cha mwisho, akaingiza pua kwa ndani, akamsukuma kando, akaenda zake. Ukipata video yake tazama mkono wake wa kulia, utadhani anakata kuni.

Halafu Julai 2023 ikaja Chicago. NASCAR ilikuwa inafunga mitaa ya jiji kwa mara ya kwanza katika mbio zake za daraja la juu, kuzunguka Grant Park, Michigan Avenue ikiwa sehemu ya njia. Mvua ilinyesha kupita kiasi, giza likaanza kuingia, mbio zikapunguzwa urefu. Mwanamume mmoja kutoka New Zealand, Shane van Gisbergen, hajawahi kushindana kwenye daraja hilo hata siku moja, akajikuta katikati ya kundi, akawachambua mmoja mmoja kati ya kuta za zege, akampita Justin Haley na kushinda. Hakuna aliyekuwa ameshinda mbio zake za kwanza kabisa tangu 1963. Kwao anakotoka wanakaa upande wa kulia wa gari, kama sisi, na gia wanaibadilisha kwa mkono wa kushoto. Wewe unakumbuka wiki yako ya kwanza Texas, ulivyokuwa ukitafuta gia kwenye mlango. Yeye alihamia kiti cha kushoto akashinda.

Kinachonifurahisha zaidi kwake ni miguu. Wenzake karibu wote wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, maana gia za sasa hazihitaji klachi. Yeye bado anatumia ule mtindo wa wazee: breki kwa mguu wa kulia, kisigino kwenye moto, klachi kwa kushoto. Mwaka 2025 alishinda mbio tano, zote za kona, na mojawapo, ya Mexico City, alishinda kwa zaidi ya sekunde 16 huku tumbo likimsumbua. Mafundi wanabishana kama mtindo wa miguu unachangia au ni kipaji tu. Mimi naamini unachangia, kwa sababu tairi za nyuma zinazoshushiwa gia kwa upole hazichoki mapema. Lakini sina namna ya kukuthibitishia.

Kuhusu kugongana. Ulisema kama lawama, na wapo mashabiki wengi wanaokubaliana nawe. Mimi nasimama katikati. Gari la Fomula 1 likigusana na jingine bawa linavunjika na siku imekwisha, kwa hiyo madereva wanaogopana. Hili lina bodi inayovumilia, na mzunguko wa mwisho kila mtu anajua kwamba mwenzake anajua. Watkins Glen, Agosti 2012: Kyle Busch anaongoza, gari la Bobby Labonte limemwaga mafuta barabarani. Busch anateleza, Brad Keselowski anamgusa, Busch anazunguka. Nyuma yake Marcos Ambrose wa Australia anamfikia Keselowski, wote wawili kwenye mafuta yaleyale, wanatoka nje ya lami, wanarudi, wanagongana mabega mpaka Ambrose anatangulia. Wote watatu walikuwa hawana breki za maana kwa sababu lami yenyewe haikuwa inashika. Sijaona mzunguko mmoja wenye mambo mengi kama ule.

Ambrose huyo huyo miaka miwili kabla yake alitia huruma. Sonoma 2010, anaongoza, zimebaki raundi chache, bendera ya njano inapepea na magari yanakwenda taratibu. Anazima injini ili aokoe mafuta. Kumbe yuko kwenye mlima. Anawasha, haiwaki. Gari linapunguza mwendo, linakaribia kusimama, magari yanampita moja baada ya jingine. Ikaja kuwaka, lakini waamuzi wakamrudisha nafasi ya saba kwa kushindwa kuendana na mwendo, na Jimmie Johnson akaenda kushinda. Kuzima gari mlimani! Utingo wa mwezi wa kwanza angemwambia.

Wewe wa rali unakosa nini huku? Vumbi, na ule upweke. Safari Rally gari linapita Naivasha peke yake, mshindani wake ni saa, na wewe shabiki unaliona kwa sekunde kumi kisha unasubiri jingine. Ni mapenzi ya namna yake, nami nayajua. Huku unaona kosa likizaliwa kona ya kwanza, likikua kona ya nne, likilipiwa kona ya kumi na moja, na aliyemlipisha yuko hapohapo nyuma yake.

Nisikufiche lakini, mwenzako huenda anakumbuka utamu ambao umepungua. Tangu 2022 wameleta gari jipya: springi za nyuma kila tairi na yake, gia tano za kusukuma na kuvuta, rimu za inchi 18, breki kubwa zaidi. Kama fundi nalisifu. Kama mtazamaji nanung'unika. Gari likishika vizuri, umbali wa kusimama unakuwa mfupi, na mahali pa kumpitia mtu ni palepale kwenye kusimama. Ukiupunguza umbali huo umeninyima nusu ya niliyokuja kuona. Septemba 2024, Watkins Glen, Goodyear walileta tairi linalochakaa haraka, madereva wakaanza tena kuteleza, na Chris Buescher akamnyang'anya van Gisbergen ushindi kwenye mzunguko wa mwisho kabisa. Tairi baya, mbio nzuri.

Basi mwenzako akikualika nenda, ila usikubali akukalishe tena mbele ya mstari wa kumalizia. Mwambie atafute kiti cha kuitazama kona ya kwanza ya COTA, ile inayopanda kilima halafu inakata kushoto kama kiwiko. Ni pana, kwa hiyo wakianza upya baada ya bendera ya njano wanaipanda magari manne, hata matano, kwa upana, kila mmoja akiamini wengine wataogopa. Chagua gari moja tu, usiangalie nafasi yake. Tafuta linapoanza kuinamisha pua, kisha raundi inayofuata uone kama limeinamia palepale. Baada ya raundi ishirini utaanza kuona nani anaishiwa breki: anainamisha mapema zaidi kila mara, na akitoka kwenye kona anaangukia nje zaidi kuliko raundi iliyotangulia.

Kodisha pia zile hedifoni za kusikiliza redio za timu. Kwenye viwanja vya yai kila dereva ana mtu mmoja juu ya paa la jukwaa la watazamaji, anayemwambia redioni magari mengine yako wapi, lakini kwenye njia ya kona mtu mmoja haoni kote, kwa hiyo wanawekwa kadhaa, wanapokezana sauti dereva anavyopita. Utasikia mmoja akisema "yuko ndani, bado yuko ndani," sauti inakatika, anadakia mwingine wa kona ya mbele. Na ukisikia dereva analalamika kwamba pedali ya breki imekuwa ndefu, yaani inashuka sana kabla ya kushika, mguse mwenzako begani, umwambie atazame kona ya kwanza raundi inayofuata.